Mpiga Debe Hapandi Gari



Ndugu msomaji, nenda steji yoyote ya matatu, Mwembe Tayari au Kongowea, utamkuta mpiga debe. Sauti imemkauka kwa kuita abiria: "Wawili tu twende! Gari imejaa!" Unaingia, unakuta viti sita vitupu. Unakaa nusu saa jua likikuchoma, na yeye bado anaita, "Mmoja tu! Mmoja!" Gari ikijaa kweli anapokea chake kwa dereva, anaipiga ubavuni mara mbili, inaondoka. Yeye habanduki pale. Ikipata pancha Mariakani si shida yake. Ikipinduka Samburu si shida yake. Kesho alfajiri utamkuta pale pale akiita gari nyingine.

Nimeanza na huyu jamaa kwa sababu vita navyo vina wapiga debe wake. Si askari, wala si majenerali. Ni watu wa kalamu na runinga: waandishi wa makala, wale wanaoitwa wataalamu, wachambuzi wa kila jioni. Vita vikiwa havijaanza husema vitakuwa rahisi. Vikianza kwenda mrama, hawasemi "tulikosea". Husema: "Bado kidogo tu. Ongezeni askari, ongezeni mabomu, tutashinda." Leo tuwaangalie katika vita viwili, Vietnam na Iraq, tuone walisema nini, nani alilipa, na sisi twajifunza nini.

KUTOKA WALINZI WA UWANJA HADI NUSU MILIONI

Vietnam ilikuwa koloni la Ufaransa. Tarehe 7 Mei 1954 Wafaransa walishindwa vibaya pale Dien Bien Phu, na nchi ikagawanywa pande mbili. Kaskazini ikawa chini ya Ho Chi Minh na Wakomunisti wake, Kusini ikawa na serikali iliyobebwa na Marekani. Marekani ikaanza kupeleka washauri wa kijeshi kidogo kidogo. Kufikia mwisho wa 1963 walikuwa kama 16,000.

Agosti 1964 ikatangazwa kwamba meli za kivita za Marekani zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin. Leo inajulikana kuwa lile shambulio la pili halikutokea kabisa. Lakini wakati ule nani alingoja kuuliza? Bunge lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 416 dhidi ya sufuri, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2. Hao wawili waliokataa, Wayne Morse na Ernest Gruening, wakumbuke. Tutarudi kwao.

Machi 1965 ndege zikaanza kuipiga Vietnam Kaskazini mfululizo. Mpango wa mwanzo ulikuwa wiki 8. Zilipiga kwa zaidi ya miaka 3. Mwezi huo huo wanamaji 3,500 walitua Da Nang, ati kulinda uwanja wa ndege tu. Sasa tazama hesabu ilivyopanda. Mwisho wa 1965 askari wa Marekani walikuwa 184,000. Mwisho wa 1966, 385,000. Mwisho wa 1967, 485,000. Mwaka 1969 walipita 540,000. Walinzi wa uwanja wa ndege wamekuwa zaidi ya nusu milioni! Na kila nyongeza iliombwa kwa maneno yale yale, kwamba hii ndiyo itakayomaliza kazi.

Si kwamba hakukuwa na wa kuonya. George Ball, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya nje, aliwahi kuwa wakili wa serikali ya Ufaransa na alijua yaliyowapata Wafaransa. Alisimulia baadaye kwamba mwaka 1961 alimwambia Rais Kennedy kuwa wakianza hivi, baada ya miaka 5 watakuwa na watu 300,000 msituni. Kennedy akamwona kama mtu aliyechanganyikiwa. Baada ya miaka 5 idadi ilikuwa imeipita ile ya Ball. Julai 1965 Ball alimwandikia Johnson tena akimsihi apunguze hasara na kutafuta suluhu. Hakusikizwa.

BWANA ALSOP NA KALAMU YAKE

Aliyesikizwa ni nani? Mmoja wao alikuwa Joseph Alsop. Huyu alikuwa mwandishi wa makala maarufu mno Washington, mtu wa ukoo mkubwa, jamaa wa Marais Roosevelt. Makala yake yalichapishwa katika magazeti mengi. Nyumba yake ya Georgetown ilikuwa ya karamu za wakubwa. Hata Kennedy, usiku wa siku aliyoapishwa Januari 1961, alipita hapo.

Tumtendee haki. Alsop hakuwa mwoga. Katika Vita vya Pili vya Dunia alitekwa na Wajapani Hong Kong akafungwa. Na Vietnam alikwenda mara nyingi kujionea. Lakini alikwenda vipi? Alikwenda kama mgeni wa mabalozi na majenerali, na alichorudi nacho mara nyingi ni kile majenerali walichotaka kionekane.

Mwishoni mwa 1964, Johnson akiwa bado anasitasita, Alsop alimwandama kwa kalamu. Aliandika kwamba Vietnam kwa Johnson ni kama mgogoro wa Cuba wa 1962 ulivyokuwa kwa Kennedy, na akiukwepa mtihani huu aibu itakuwa yake. Waona ujanja wake? Hakujadili kama vita vitashindika. Alijadili kama rais ni mwanamume! Na mwanasiasa ukimgusa hapo, umempata.

Baada ya hapo, mwaka baada ya mwaka, wimbo ulikuwa mmoja: adui amechoka, adui anakaribia kuanguka, kinachohitajika ni ukakamavu zaidi. Vijiji vinaungua, majeneza yanarudi, na adui bado "anakaribia kuanguka". Ni kama mganga ambaye mgonjwa wake anazidi kudhoofika. Kwanza aliomba kuku mweupe. Haikusaidia, akaomba mbuzi mweusi. Haikusaidia, sasa anataka ng'ombe. Ukimuuliza atakwambia dawa ni nzuri, ila sadaka imekuwa ndogo.

Hapa ndipo penye sumu ya maneno haya. Hoja ya "ongezeni" haiwezi kushindwa hata siku moja. Mambo yakienda vizuri, ni kwa sababu tuliongeza. Yakienda vibaya, ni kwa sababu hatukuongeza vya kutosha. Hoja ambayo kila kitu kinaithibitisha haijathibitishwa na chochote.

MASWALI YA CLIFFORD

Novemba 1967 Jenerali William Westmoreland, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Vietnam, aliletwa Washington awaambie waandishi kwamba mwisho umeanza kuonekana. Haikupita miezi 3. Usiku wa kuamkia 31 Januari 1968, sikukuu ya Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, wapiganaji walivamia miji zaidi ya 100 kwa pamoja. Waliingia mpaka ndani ya ua wa ubalozi wa Marekani mjini Saigon.

Ni kweli wavamizi walipoteza watu wengi sana na miji karibu yote ilirudishwa upesi. Wapiga debe wakalishika hilo. Alsop na wenzake wakasema hayo ndiyo mateke ya mwisho ya anayekata roho. Na majenerali wakaomba nyongeza nyingine: askari 206,000!

Wakati huo waziri mpya wa ulinzi alikuwa Clark Clifford. Aliingia kazini Machi 1968 akihesabiwa kuwa mtu wa vita. Lakini alifanya jambo dogo ambalo wengine hawakulifanya. Aliwaketisha wakuu wa jeshi akawauliza. Hawa 206,000 watatosha? Hatujui. Kama hawatoshi, watahitajika wangapi zaidi? Hatujui. Itachukua muda gani? Hatujui. Mpango wa kushinda ni upi? Kumbe mpango wenyewe ulikuwa kuendelea kumchosha adui mpaka achoke.

Clifford akageuka. Wazee wa hekima ambao Johnson alikuwa akiwaita kumshauri, ambao Novemba walikuwa wamemwambia akaze buti, mwisho wa Machi wengi wao nao wakageuka. Tarehe 31 Machi 1968 Johnson alitangaza kwenye runinga kwamba anapunguza mabomu, anatafuta mazungumzo, na hatagombea tena urais.

Hata hivyo vita viliendelea chini ya rais mwingine, kwa sababu kulikuwa na hoja moja iliyobaki: "Tukiondoka sasa, damu ya waliokufa itakuwa imepotea bure." Hoja hii inauma, maana nani anataka kumwambia mama kwamba mwanawe alikufa bure? Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Damu ya wa kwanza hairudishwi kwa kumwaga ya wa pili. Aprili 1971 kijana wa miaka 27, John Kerry, afisa wa wanamaji aliyerudi kutoka Vietnam, aliwauliza Maseneta swali lililowanyamazisha: utamwambiaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa?

Saigon ilianguka 30 Aprili 1975. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa. Wavietnam, kwa hesabu iliyotolewa na serikali yao mwaka 1995, walikuwa kama milioni 3, wengi wao raia. Alsop alikuwa ameacha kuandika makala yake mwishoni mwa 1974, kwa heshima zake zote. Alifariki 1989, nyumbani kwake.

WALIOLIPA NI WALIOSEMA "LA"

Sasa turudi kwa wale Maseneta wawili. Morse na Gruening wote walipoteza viti vyao mwaka 1968. Walisema kweli mapema, na kweli ya mapema haina wapiga kura.

Na yuko mwingine ambaye hahitaji kujulishwa kwenu, Muhammad Ali. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, jina lake liliitwa ajiunge na jeshi akakataa kupiga hatua mbele. Alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia, katika ubora wake. Akanyang'anywa ubingwa. Akahukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000. Hakuingia jela kwa sababu alikata rufaa, lakini alikaa nje ya ulingo zaidi ya miaka 3, miaka ambayo bondia hairudishiwi na mtu. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo kwa kura 8 bila kupingwa. Wazee wetu wanakumbuka alipofika hapa Nairobi mwaka 1980. Watu walimshangilia, na wengi walimpenda kwa lile "la" kama walivyompenda kwa ngumi zake.

Linganisha, ndugu yangu. Aliyekataa vita alipoteza kazi yake na jina lake kwa muda. Aliyepigia debe vita hakupoteza hata safu moja ya gazeti. Na wale waliopanda gari lenyewe? Wengi walikuwa watoto wa maskini. Mwanafunzi wa chuo aliweza kuahirishiwa. Kijana wa kiwandani na wa shambani aliitwa. Kuanzia 1966 serikali ilishusha hata alama za mtihani wa kuingilia jeshini, ikachukua zaidi ya vijana 300,000 ambao kabla ya hapo wangerudishwa nyumbani. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti.

WIMBO ULE ULE, IRAQ

Mtu angedhani baada ya hayo wapiga debe watapumzika. Wapi! Februari 2002, mwaka mzima kabla ya vita vya Iraq, Kenneth Adelman, aliyewahi kuwa afisa wa serikali, aliandika katika Washington Post kwamba kuikomboa Iraq kutakuwa mteremko. Vita vilianza Machi 2003. Tarehe 1 Mei Rais George W. Bush alisimama juu ya manowari nyuma yake pametundikwa bango la kazi imekwisha. Kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mwandishi Thomas Friedman wa New York Times, kati ya Novemba 2003 na 2006, alirudia mara nyingi kwamba miezi 6 ijayo ndiyo itakayoamua mambo Iraq. Miezi 6 ikiisha, inatakiwa mingine 6. Watu wakafanya mzaha, wakakiita kipindi hicho cha miezi 6 kwa jina lake! Si ndiyo ile "mmoja tu, mmoja" ya steji?

Na gari hili lilibeba hata watu wetu. Julai 2004 madereva Wakenya watatu, waliokuwa wakiendesha malori ya kampuni ya Kuwait, walitekwa nyara Iraq pamoja na Wahindi watatu na Mmisri mmoja. Walikwenda kutafuta riziki ya watoto. Alhamdulillah, waliachiliwa Septemba 1. Jirani zetu wa Uganda nao, maelfu ya vijana wao walikwenda Iraq kulinda kambi za wageni. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuandika makala Washington.

Mwaka 2006 Iraq ilikuwa inawaka. Tarehe 6 Desemba tume ya wazee wa vyama vyote viwili, chini ya James Baker na Lee Hamilton, ilishauri vikosi vya mapigano vianze kuondoka na Marekani izungumze na majirani wa Iraq. Wapiga debe wakaja juu. William Kristol, mhariri wa gazeti la The Weekly Standard, ambaye alikuwa amevipigania vita hivi tangu mwanzo, alitaka askari zaidi. Frederick Kagan, mwanahistoria, akatoa mpango wa kuongeza askari. Bush akawafuata hao. Januari 2007 alitangaza nyongeza ya askari zaidi ya 20,000. Mwaka huo wa 2007 ndio waliokufa askari wengi zaidi wa Marekani kuliko mwaka wowote wa vita hivyo, zaidi ya 900. Na Kristol? Januari 2008 alipewa makala ya kila wiki katika New York Times. Alikuwa amepandishwa cheo!

"LAKINI SI ILIFAULU?"

Hapa msomaji makini ataniuliza: mbona mauaji Iraq yalipungua mwaka 2008? Swali zuri, na tusilikwepe. Ni kweli yalipungua sana. Lakini si kwa askari wa ziada peke yao. Makabila ya Anbar yalikuwa yameanza kuwageukia al-Qaida tangu Septemba 2006, kabla nyongeza haijatangazwa. Muqtada al-Sadr alisimamisha wapiganaji wake Agosti 2007. Na Baghdad mitaa mingi ilikuwa imekwisha kuhamwa. Sunni na Shia waliokuwa majirani walikuwa wametenganishwa kwa damu na kwa kuta za zege.

Tena lengo lililotajwa na Bush mwenyewe lilikuwa kuwapa viongozi wa Iraq nafasi ya kupatana. Hawakupatana. Wamarekani waliondoka Desemba 2011, wakiwa wamezika karibu 4,500. Raia wa Iraq waliouawa katika miaka hiyo ni zaidi ya 100,000. Juni 2014 mji wa Mosul ukaanguka mikononi mwa kundi la Daesh, ambalo mizizi yake ni al-Qaida ya Iraq iliyozaliwa ndani ya vita hivyo hivyo. Ramadhan ya mwaka huo, mkuu wao alipanda mimbari ya msikiti wa al-Nuri akajitangaza khalifa. Ramadhan ya 2017 wakaulipua msikiti huo pamoja na mnara wake uliopinda, uliosimama zaidi ya miaka 800. Kama huo ndio ushindi, basi kushindwa kunafananaje?

Na Afghanistan je? Desemba 2009 Rais Obama naye aliongeza askari 30,000. Taliban waliingia Kabul 15 Agosti 2021.

NA SISI JE?

Vijana wenzangu, ni rahisi kusoma haya tukawacheka Wamarekani. Lakini baada ya taraweeh, barazani, kahawa ikizunguka, husikii sauti za wapiga debe wetu? Mtu ana tende mkononi, hajawahi kusikia risasi maishani, naye anapanga vita vya watu: "Wangewapiga tu! Wasingesimama! Waongeze!" Na wako wabaya zaidi ya huyo. Wako wanaomwambia kijana wa watu aende akapigane nchi asiyoijua, huku wana wao wenyewe wako chuo kikuu. Hawa ni ukoo mmoja na akina Alsop, wanatofautiana kanzu na suti tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi mtu akikuitia vita, au akisema vita vinavyoshindwa viongezwe, muulize maswali ya Clifford, na mimi naongeza mawili.

1. Hao unaotaka waongezwe watatosha? Na wasipotosha?

2. Itachukua muda gani? Akisema "kidogo tu", muulize mwaka jana alisema nini.

3. Ni jambo gani likitokea utakubali kwamba ulikosea? Akikosa jibu, hana hoja.

4. Wewe unapanda gari hili? Mwanao anapanda?

Kubadili mawazo si aibu. Clifford alibadilika akaokoa roho za watu. Robert McNamara, waziri wa ulinzi kabla yake, aliandika mwaka 1995 kwamba walikosea, wakakosea vibaya mno. Ilikuwa miaka 20 baada ya Saigon kuanguka, na hakuna maiti aliyefufuka kwa kitabu hicho. Kosa likikiriwa mapema huokoa watu. Likikiriwa kwa kuchelewa huuza vitabu.

Mwezi huu mtukufu tumefunga midomo kwa chakula na maji. Ulimi nao una saumu yake, na tumefundishwa kusema la kheri au kunyamaza. Neno la barazani laweza kuonekana dogo, lakini siku ya hesabu, aliyeita abiria ataulizwa gari lilikwenda wapi.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa kwa dhulma, awape amani walio vitani, na atujaalie tuwe watu wa kupima kabla ya kusema. Amin.

Wabillahi tawfiq.